Darasa la Ari Kamili

Wanaosema kwamba Jamhuri ya Tambarare haijali elimu ni watu wenye chuki binafsi, na wengi wao wameshahojiwa. Ukweli ni kwamba hakuna nchi inayohangaikia elimu kama Tambarare. Tazama tu jina la wizara yenyewe. Zamani iliitwa Wizara ya Elimu, jina la kinyonge lisilomsisimua mtu. Siku hizi inaitwa Wizara ya Elimu, Ari na Uchangamfu, na bango lake limekuwa refu hata ikabidi jengo liongezwe chumba kimoja ili bango lipate pa kuegemea. Chumba chenyewe hakina kazi nyingine.

Mwalimu Tausi Ngakonda alikuwa mtumishi wa wizara hiyo. Alifundisha sayansi darasa la sita katika mji wa Vumbini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma bila kupigwa kelele. Siasa hakuiweza. Alichokipenda katika kazi yake ni kitu kimoja tu: mtoto anapokunja uso, akakodoa macho dirishani kama mtu aliyesahau njia ya kwao, kisha uso ukafunguka na mkono ukaruka juu. Kwa ajili ya hilo alivumilia vumbi la chaki, vikao na hotuba.

Basi ikatokea kwamba Mkurugenzi wa Hamasa, Dakta Sifaeli Mkumbukwa, alialikwa ng'ambo kwenye mkutano. Huko akasikia kwamba elimu ya kisasa haina kuta. Akaliandika hilo kiganjani ili lisimtoke. Ndege ilipotua Tambarare, hata kabla hajafika nyumbani, alikuwa ameshatoa agizo: kuta za shule zote zibomolewe.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "wenzetu wameshavuka, sisi bado tumejifungia ndani ya matofali kama kuku wa mayai! Kuanzia leo mtoto wa Tambarare atasoma hewani. Narudia, hewani!"

Kuta zikabomolewa. Kwa bahati njema, Mkurugenzi alikuwa anajenga kwa wakati huo, kwa hiyo matofali hayakuharibika.

*

Isidhaniwe kwamba serikali iliwatupa watoto. Kila kaya ilikabidhiwa simu kubwa ya kioo na kipande cha sola cha kuichajia, na walimu wakapewa vilevile. Kisha, ili kujenga umoja wa kitaifa, wizara ikawachanganya wanafunzi wa nchi nzima kama karata na kuwagawa upya. Mwalimu Tausi akapewa darasa la watoto ambao hakuwahi kumtia machoni hata mmoja wao. Mwingine alikuwa pwani, mwingine machimboni, mwingine mpakani kabisa ambako hata bendera hupandishwa kwa zamu kwa sababu ni moja kwa vijiji viwili. Asubuhi aliketi mbele ya simu sebuleni kwake, na vile visura vikajipanga kwenye kioo kama mbegu kwenye trei.

Mwanzoni ilikuwa shida. Mmoja alisinzia. Mwingine alisoma huku akichunga, na kila akikimbiza mbuzi darasa zima lilizungushwa kichwa chini miguu juu. Mwalimu Tausi alijitahidi. Aliwaita kwa majina, akawapa mafumbo, akawatuma wakalete jani, jiwe, unyoya, waje waeleze walichokiona. Polepole watoto wakaanza kushikika. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na ya kujirudia, na wizara haikuipenda kwa sababu haikuweza kuipiga picha.

Ndipo ukaitishwa mkutano wa wataalamu kwenye hoteli ya kando ya ziwa, wakae wajadili mwanafunzi mwenye ari anafananaje. Walikaa mpaka samaki wa hoteli wakaisha. Walichokubaliana ni hiki: mwanafunzi mwenye ari hutazama mbele, hatikisiki na meno yake huonekana. Kuhusu maswali palizuka ubishi kidogo, lakini Dakta Mkumbukwa aliumaliza mwenyewe.

"Aliyeelewa haulizi," alisema. "Anayeuliza hajaelewa. Asiyeelewa amekata tamaa. Aliyekata tamaa, ndugu wajumbe, ana ari huyo?"

Wajumbe wakapiga makofi, na kutokana na makofi hayo kikazaliwa Kipima Ari. Kilikuwa ni kidude kilichowekwa ndani ya kila simu, kikitazama nyuso za watoto muda wote wa somo. Uso wenye ari ulizungushiwa duara la kijani. Uso wenye mashaka ulizungushiwa la njano. Mtoto akiuliza swali, duara liligeuka jekundu na simu ililia kama mbuzi aliyenaswa kwenye waya.

Mtoto wa duara jekundu hakuadhibiwa, la hasha. Tambarare hatuadhibu watoto. Alipelekewa Kikosi cha Uhamasishaji. Hicho kilikuwa kikundi cha wapiga matarumbeta na ngoma, pamoja na mshereheshaji mwenye kipaza sauti, ambao walifika nyumbani kwa mtoto na kumchezea mpaka ahamasike. Akihamasishwa mara mbili na bado akaonekana mwekundu, jina lake lilifutwa shule kwa kosa lililoitwa utoro wa mwenye kuhudhuria.

*

Katika darasa la Mwalimu Tausi alikuwemo msichana mmoja aitwaye Semeni, wa kijiji cha Lukwenya, juu milimani. Aliishi na bibi yake. Semeni alikuwa na kasoro moja kubwa: alipofikiri, alikunja uso. Tena hakukunja kidogo. Nyusi zilikutana, mdomo ukabenuka, macho yakaenda pembeni. Mwalimu Tausi alipouona uso ule kwa mara ya kwanza alikisogelea kioo kwa furaha, akasahau kwamba Kipima Ari nacho kilikuwa kinautazama.

"Mwalimu shikamoo," alisema Semeni siku hiyo.

"Marahaba mwanangu. Sema."

"Mto wetu huku unakwenda baharini."

"Ndiyo, mwisho wake hufika."

"Na mito mingine yote."

"Karibu yote."

"Sasa Mwalimu, mito haina chumvi. Nimekunywa maji yake tangu nizaliwe. Kama bahari inajazwa na mito, chumvi yake imetoka wapi?"

Mwalimu Tausi alihisi mwili kumsisimka. Miaka yote ya kufundisha, swali kama hilo linakujia mara chache, na likija hulali. Alifungua kinywa ajibu. Simu ikalia meee, duara la Semeni likawa jekundu, na somo likakatika.

Kikosi kilifika Lukwenya kabla ya jua kutua. Tunasikia utendaji wa serikali ni wa polepole. Huo ni uzushi. Barabara ya kupeleka dawa kijijini hapo ilikuwa haijakamilika, lakini ya kupeleka matarumbeta ilipatikana. Walicheza uani kwa bibi yake Semeni, mshereheshaji akipaza sauti, "Ari oyee! Nani ana ari? Mtoto, sema una ari!" na Semeni akasimama mlangoni ameziba masikio.

Kesho yake bibi mwenyewe ndiye aliyetokea kwenye kioo.

"Mwalimu, hujambo? Mimi ndiye bibi yake huyu. Sina neno na serikali, naipenda sana. Ila mwambie aliye mkubwa wako kwamba wale vijana wa mabati wamenikanyagia mihogo yangu yote niliyoanika. Na huyu mtoto tangu jana hajatabasamu, anauliza tu kama umeshajibu."

"Nitamjibu, bibi. Nakuahidi."

"Mjibu basi. Hapa hatulali, kila tukila chakula ananiuliza mimi habari za chumvi."

*

Picha ya Mlezi Mkuu wa Taifa haihitaji kuelezwa kwa raia wa Tambarare, lakini kwa faida ya wageni tuseme kwamba ipo kwenye kila nyumba, moja ya ukutani na moja ya kubebwa kwenye maandamano, zote kubwa, zenye tabasamu pana na meno yote. Sheria ya ile ya ukutani ni fupi: ikishatundikwa, haitunguliwi. Kuna mzee aliyehama nyumba, akabeba bati, milango na hata mchanga, akaacha ukuta mmoja umesimama kichakani kwa sababu picha ilikuwa juu yake. Ukuta huo hupigwa deki hadi leo.

Ilikuwa makosa tu, na hakuna aliyekusudia. Mama mmoja wa machimboni alikuwa anafagia, akaigeuza simu ya mwanawe ikatazama ukutani, ilipotundikwa picha. Mtoto akatoroka kwenda kucheza. Kwenye kioo cha Mwalimu Tausi, badala ya mtoto, akatokea Mlezi Mkuu akitabasamu. Mwalimu aliruka kutoka kitini akasimama kikakamavu, mikono ubavuni, akidhani anakaguliwa. Alisimama hivyo muda mrefu kabla hajatambua kwamba Mheshimiwa hapepesi.

Duara lake lilikuwa la kijani kibichi. Alitazama mbele, hakutikisika, meno yalionekana, wala hakuuliza. Chini yake maandishi yalisomeka: Ari kamili. Hongera.

Habari hiyo ilienea. Mtoto mmoja baada ya mwingine alisimamisha ile picha ya kubebwa mbele ya simu, akaenda zake. Wazazi waliona nafuu. Mtoto hapotezi shule, na kuni zinaletwa. Punde kioo cha Mwalimu Tausi kilijaa Mlezi Mkuu, safu kwa safu, wote wakimtabasamia, na katikati yao uso mmoja tu wa mtu, umekunjwa, ukiwa na duara la njano.

Mwalimu alifunga safari kwenda wizarani. Alisubiri kwenye kile chumba cha kuegemeza bango mpaka akaitwa.

"Shikamoo Dakta," alisema. "Nimekuja kutoa taarifa. Darasani kwangu watoto hawapo."

Dakta Mkumbukwa aligeuza simu yake amwonyeshe. "Hawapo vipi? Darasa lako ni la kwanza kanda nzima. Tazama kijani hicho!"

"Hizo ni picha, Dakta. Wamesimamisha picha mbele ya simu, wao wenyewe wameondoka."

"Picha za nani?"

"Za Mlezi Mkuu."

"Kwa hiyo unataka kuniambia," Mkurugenzi alisema, akiinuka na kwenda kufunga mlango, "kwamba darasani kwako wamo Walezi Wakuu wengi, na wewe hujaridhika?"

"Sijasema hivyo. Nasema watoto hawasomi."

"Mlezi Mkuu hana ari?"

"Anayo, Dakta."

"Havutiwi na somo?"

"Anavutiwa."

"Kuna kitu asichokielewa?"

Mwalimu Tausi aliutazama mlango uliofungwa. Kuna maswali ambayo majibu yake yanajulikana na ofisi nyingine kabisa, yenye mlango usio na kitasa kwa ndani.

"Basi," alisema Dakta kwa upole, "rudi ukafundishe. Na yule binti mmoja wa njano anayekuharibia darasa, ameshahamasishwa mara ya kwanza. Bado moja tu. Ukimpenda, msaidie."

*

Njia nzima Mwalimu Tausi alikuwa akijibishana na nafsi yake. Semeni angeuliza tena, hilo alilijua. Kumwambia mtoto yule aache kuuliza ni sawa na kumwambia aache kupumua. Matarumbeta yangekuja, halafu jina lingefutwa. Mtoto aliyefutwa jina Tambarare haandikishwi tena popote, wala hafanyi mtihani wowote, na kule milimani angebaki kuchanja kuni mpaka azeeke na swali lake kichwani.

"Semeni," alimwambia asubuhi, akijilazimisha kutabasamu ili mtoto asishtuke, "nisikilize vizuri. Na wewe simamisha picha."

"Lakini Mwalimu, mimi nipo."

"Najua upo. Simamisha picha mbele ya simu, wewe ukae nyuma yake. Utanisikia. Mimi nitajua upo hapo. Tutaendelea na chumvi yetu taratibu, hakuna atakayekusumbua."

Uso ukakunjamana. "Hutaniona."

"Sitakuona. Lakini nitajua."

Semeni alifikiri, kisha akatii. Picha ilisogezwa polepole mbele ya uso wake kama mlango unaofungwa, na darasa likawa na ari kamili. Mwalimu Tausi alitoka nje akasimama uani, akalia kidogo, akajipangusa na kanga, akarudi kufundisha.

Lakini wizara haikulala. Kabla hata ya somo lililofuata ulifika waraka mpya kwenye simu za walimu wote. Ilionekana kwamba baadhi ya picha zilisikika zikikohoa, nyingine zikipiga miayo, na moja ilisikika ikisema, "Mama, nimalizie uji?" Kumtia Mlezi Mkuu maneno kinywani ni kosa kubwa, kwa hiyo sauti zote za wanafunzi zilizimwa kutoka makao makuu. Waraka ukaongeza kwamba hakuna uso wala kitu chochote kitakachoonekana sambamba na picha, maana huko ni kujilinganisha.

Mwalimu Tausi alifundisha hivyo hivyo. Aliitazama picha iliyokuwa ya Semeni, akaanza: "Lile swali la chumvi. Kwa kweli, wanangu, mito ina chumvi. Ila ni kidogo mno, ulimi hauwezi kuisikia. Maji yanapopita kwenye mawe na udongo..." Alikuwa amezama, mikono inachora mto hewani, nyusi zake mwenyewe zimekutana. Hakujua kwamba Kipima Ari kilikuwa kimeanza kuwapima na walimu. Simu ikalia meee. Maandishi yakatokea: Mwalimu amekunja uso. Mwalimu apumzike atafakari ari yake. Akikunja tena, darasa lake litavunjwa na wanafunzi wake wote watafutwa.

"Tutaendelea kesho," aliwahi kusema, na kioo kikawa cheusi.

*

Haikuwezekana kuendelea kesho. Alijaribu kuieleza chumvi huku anatabasamu, lakini akili yake haikuwa imezoea kufanya kazi meno yakiwa nje. Kila alipofika mahali pagumu uso ulitaka kukunjika naye akarudi nyuma haraka. Akaanza kusoma mtaala tu, neno kwa neno, akitabasamu mpaka taya zikamuuma. Wakati mwingine alisimama katikati akasema, "Semeni, kama upo, tikisa picha kidogo." Picha haikutikisika. "Iguse tu, mwanangu." Mlezi Mkuu alimtazama kwa furaha ileile.

Mtu anaweza kuongea na ukuta kwa muda, tena walimu wanaweza zaidi kuliko wengine. Lakini kuna mwisho wake. Mwalimu Tausi alianza kusema moyoni kwamba Semeni naye ameondoka kama wenzake. Kwa nini asiondoke? Ni mtoto tu, na kuni zinahitajika. Alipolifikiria hilo alihuzunika, halafu alipata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyomtia aibu zaidi.

Siku moja sufuria lilianza kufurika jikoni katikati ya somo. Bila kufikiri aliiegemeza picha yake mwenyewe ya Mlezi Mkuu kwenye kiti, akakimbia. Aliporudi alikuta simu inang'aa kijani ambacho hakuwahi kukiona. Mwalimu ana ari kamili. Wanafunzi wana ari kamili. Wizara inajivunia wewe.

Alisimama pale na mwiko mkononi, akiitazama picha ikiwafundisha picha.

Kesho yake aliiweka tena, makusudi, akatoka kwenda kupalilia bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Siku iliyofuata vilevile. Mchicha ulistawi vizuri sana msimu ule, na majirani wakawa wanakuja kuusifia.

*

Darasa lake lilitangazwa kuwa darasa bora la taifa. Sherehe ilifanyika uwanjani, Kikosi kikapiga matarumbeta, na Dakta Mkumbukwa akahutubia mpaka watu wawili wakaanguka kwa jua, akawataja kama mfano wa waliozidiwa na ari.

"Tumewashinda hata wale waliotufundisha!" alisema. "Ng'ambo kule bado wana watoto wanaopiga miayo. Sisi hatuna! Darasa hili halijauliza swali hata moja kwa muhula mzima. Wameelewa kila kitu!"

Zikatolewa Nishani za Ari, na agizo likawa kwamba mwalimu mwenyewe azipeleke nyumbani kwa wanafunzi na kuzivisha kwenye picha zao. Kwa hiyo Mwalimu Tausi akapanda pikipiki ya kukodi akazunguka nchi, nishani zikigongana mkobani.

Alikokwenda alikuta picha mbele ya simu na nyumba kimya. Huyu yuko machimboni, anaponda kokoto. Huyu ameolewa. Huyu, alisema baba yake bila kuangalia juu, alikuwa anapenda shule sana siku za nyuma. Nyumba moja alikuta kuku ameatamia nyuma ya picha, tena mkali. Mwalimu alivisha nishani, akapiga saluti kama agizo lilivyotaka, akaondoka. Kila nyumba ilimwambia kwamba alikuwa na haki ya kwenda kupalilia mchicha wake.

Lukwenya aliibakiza mwisho. Alijiambia ni kwa sababu ni mbali.

Alimkuta bibi uani, anageuza mihogo. Walisalimiana. Bibi alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayehakikisha.

"Ndiye wewe kumbe. Nilijua u mnene."

"Ndiye mimi, bibi. Nimeleta nishani ya Semeni, niivishe kwenye picha. Yeye mwenyewe naona yuko shambani?"

"Shambani saa hizi? Si saa ya somo hii?" Bibi akaonyesha ndani kwa kidole. "Yuko darasani."

Mwalimu Tausi aliingia. Chumba kilikuwa na mwanga wa dirisha moja. Picha ilikuwa imesimamishwa juu ya miti miwili mbele ya simu, imepigiliwa misumari pande zote hata upepo usingeweza kuitikisa. Nyuma yake, juu ya mkeka, alikaa msichana, miguu ameikunja, kichwa amekilaza upande aweze kuichungulia simu kwa pembe. Kwenye simu, kutoka Vumbini, Mlezi Mkuu wa sebuleni kwa Mwalimu Tausi alikuwa akitabasamu kimya. Mikononi mwa msichana kulikuwa na sahani ya bati, ameiinua juu, anaielekeza kwenye mgongo wa picha.

"Semeni."

Msichana aligeuka. Hakupiga kelele. Aliitua sahani kwanza, taratibu, isimwagike, ingawa ilikuwa kavu.

"Mwalimu. Shikamoo."

Mwalimu aliitazama ile misumari.

"Ulisema niiguse picha," Semeni alisema haraka, kama aliyekuwa ameyapanga maneno hayo siku nyingi. "Nisingeweza. Bibi aliipigilia, aliogopa matarumbeta. Nikawa nagonga ukuta, nikasahau kumbe sauti imezimwa. Usikasirike."

"Hiyo sahani ni ya nini?"

"Ulisema mito ina chumvi kidogo mno. Nikachota maji ya mto, nikayaweka juani. Yakikauka naongeza mengine. Tazama." Alimwelekezea. Ndani ya sahani, pembezoni, palikuwa na ukoko mweupe, mwembamba kama utando wa uji. "Nimeilamba. Ina chumvi kweli, na uchungu kidogo. Kila somo nakuonyesha. Nikawa sijui kama unaiona."

Bibi alikuwa amefika mlangoni. "Mimi nilimwambia aache," alisema. "Nilichungulia hiyo simu, nikaona hata huko kwako imewekwa picha. Nikamwambia, mjukuu wangu, mwalimu ameshaondoka huyo, njoo unisaidie mihogo. Hakubali."

"Bibi haelewi," Semeni alisema. "Nilimwambia mwalimu yupo nyuma ya picha, kama mimi nilivyo nyuma ya yangu. Alisema tutaendelea kesho." Akamtazama Mwalimu Tausi. "Si ulikuwepo?"

Mwalimu Tausi alitazama vidole vyake. Udongo wa bustani ulikuwa bado umo ndani ya kucha. Alikuwa ameondoka nyumbani alfajiri bila kunawa vizuri. Maneno mengi yalimjia, yote ya kufaa, yote yenye tabasamu, na angeweza kulitumia lolote kati ya hayo mtoto akaridhika.

"Sikuwepo, mwanangu," alisema.

Uso wa Semeni ukakunjamana. Nyusi zikakutana, mdomo ukabenuka, macho yakaenda pembeni, yakakaa huko muda mrefu. Ulikuwa ndio uso uleule ambao Mwalimu Tausi alikuwa ameingia ualimu kwa ajili yake, na safari hii alikuwa yeye mwenyewe ndiye kitu kinachofikiriwa. Kwenye simu duara lilizidi kuwa kijani.

Bibi aliburuta kigoda mpaka mlangoni, akaketi akiitazama njia wanayopandia wapiga matarumbeta.

Hatimaye Semeni alisogea, akaacha nafasi kwenye mkeka.

"Basi kaa," alisema. "Tuliishia kwenye mawe."